Mpenzi, Rafiki na Mpumbavu: Maneno ya Mapenzi katika Kiingereza cha Zamani

Katika tamthilia ya Julius Caesar, ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari, Brutus anapanda jukwaani baada ya mauaji na kuwahutubia watu wa Roma. Anawaita kwa majina matatu, na la tatu ni "lovers". Mwishoni mwa hotuba hiyo hiyo anamtaja Kaizari, ambaye damu yake haijakauka mikononi mwake, kuwa ndiye "lover" wake aliyemzidi kila mtu. Msomaji mwenye Kiingereza cha leo hushtuka. Kwani Brutus alikuwa na mapenzi ya siri na Kaizari? Na umati mzima wa Roma je? Darasani swali hili huzusha kicheko, kisha huzimwa haraka kwa jibu kwamba hiyo ni lugha ya Shakespeare tu, tuendelee na dhamira.

Kwa mtazamo wangu hatupaswi kuendelea upesi hivyo. Makala haya yanakusudia kueleza maana za baadhi ya maneno ya mapenzi katika Kiingereza cha zamani, na kuonyesha kwamba uhakiki unaweza kupotoka kabisa iwapo mhakiki atasoma neno la mwaka 1600 kwa maana ya leo. Mimi si mwanaisimu, ni mwanafunzi wa fasihi. Lakini mwanafasihi asiyejali maana ya neno anahakiki nini hasa?

Tuanze na huyo "lover". Shakespeare alipokuwa akiandika, neno hili lilikuwa na maana mbili zilizoishi pamoja bila kugombana. Ya kwanza ni ile tunayoijua, yaani mtu aliye katika mapenzi ya mwanamume na mwanamke, na vijana wanaokimbizana msituni katika A Midsummer Night's Dream ni "lovers" wa namna hiyo. Ya pili ni mtu anayekutakia mema, anayekushabikia, aliye upande wako. Katika Coriolanus, mzee Menenius anamwambia mlinzi wa kambi kwamba jemadari wao ni "lover" wake, naye anachotaka ni kuruhusiwa kupita tu. Katika The Merchant of Venice, Portia anamtumia neno hilo hilo Antonio kwa sababu ni rafiki wa moyoni wa mumewe, na halisemi kwa wivu wala kwa kejeli.

Hapa ndipo namkumbuka marehemu Mwalimu Nyerere. Alifasiri Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Kila alipofika kwenye neno hili mfasiri huyo alilazimika kukata shauri, kwa sababu kalamu haiwezi kuandika maneno mawili mahali pamoja. Hata hivyo nadhani Kiswahili kilimpa nafasi ambayo Kiingereza cha leo hakina. Hebu sikiliza redio. Mtangazaji anasema "wapenzi wasikilizaji" na hakuna mume anayeinuka kwa hasira. Magazeti yanaandika "wapenzi wa Yanga" na "wapenzi wa Simba", na barua nyingi kwa mhariri zimejibiwa kwa "mpenzi msomaji". Huyo ndiye "lover" wa Brutus hasa! Mtangazaji wa redio na Brutus wanafanya kazi moja: wanauita umati kwa jina la karibu ili umati ukubali kutulia na kusikiliza. Mswahili anayesoma hotuba ile katika Kiingereza chake cha asili ana uwezo wa kuielewa upesi kuliko kijana wa London, mradi asijifanye amesahau Kiswahili chake anapoingia darasa la Kiingereza.

Jambo la kuchekesha ni kwamba wakati "lover" aliweza kuwa rafiki, "friend" naye aliweza kuwa mpenzi. Katika Measure for Measure, Lucio anapompelekea Isabella habari kwamba kaka yake amempa mimba mwanamke, anamwita mwanamke huyo "friend" wa kaka yake. Na hii si tafsida iliyobuniwa na Lucio mjanja. Asili yenyewe ya neno iko hivyo. "Friend" linatokana na neno la Kiingereza cha Kale "freond", ambalo kisarufi ni umbo la kitenzi "freogan", maana yake kupenda. Kwa hiyo rafiki ni "apendaye", basi. Namna ya kupenda haikutajwa, ikaachiwa muktadha.

Ushahidi mzuri kabisa wa jambo hili uko katika shairi fupi la mistari 53 ambalo wataalamu wameliita The Wife's Lament, maana katika mswada halina jina. Limo katika kitabu cha Exeter, mkusanyo wa mashairi ulionakiliwa katika karne ya 10, ambao Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, aliuachia kanisa kuu la Exeter, na hadi leo uko huko huko. (Na jina la askofu mwenyewe, tazama, linaanza na "leof", yaani kipenzi.) Anayesema katika shairi ni mwanamke. Tunajua hivyo kwa viambishi vya kike vilivyomo mwanzoni. Mume amesafiri ng'ambo ya bahari, ndugu wa mume wamekula njama za kuwatenganisha, na yeye ameamriwa kukaa katika shimo la ardhini chini ya mwaloni. Humo, alfajiri, anawafikiria wengine duniani ambao wakati huo wamelala vitandani pamoja, na anawaita "frynd", wingi wa "freond". Mume wake naye anamwita mara "bwana" kwa maana ya mtawala wake, mara "freond". Ndoa yao anaiita kwa neno ambalo leo limekuwa "friendship", urafiki.

Nasisitiza shairi hili kwa sababu ya hoja moja maarufu. C. S. Lewis, katika kitabu chake The Allegory of Love cha mwaka 1936, alidai kwamba mapenzi tunayoyaona katika fasihi ya Ulaya, yale ya kuteseka kwa ajili ya mtu mmoja, yaligunduliwa na washairi wa kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 11, na kwamba kabla ya hapo hayakuwa mada ya ushairi kwa namna hiyo. Lewis alikuwa msomaji mkubwa, na kuhusu ile ibada ya bibi mkubwa na mtumishi wake aliyepiga magoti anaweza kuwa na haki. Lakini mwanamke wa chini ya mwaloni je? Shairi lake lilikwisha nakiliwa kabla Wafaransa hao hawajazaliwa. Kama hayo si mapenzi ya kuteseka kwa ajili ya mtu mmoja, basi sijui ni nini. Nashuku kwamba hoja ya Lewis inapata nguvu kwa sababu ya msamiati: tunatafuta neno la Kifaransa, hatulioni, tunasema mapenzi hayapo, kumbe yamekaa kimya ndani ya neno "rafiki". Sisi ambao fasihi zetu zimewahi kuambiwa hazina hiki wala kile, kwa sababu tu mtafiti hakukuta jina alilolizoea, tunapaswa kuwa wa kwanza kuitilia shaka njia hii ya kuhesabu.

Kuna pia "wine", ambalo halihusiani na mvinyo. Katika Kiingereza cha Kale lilitamkwa kama tunavyotamka Kiswahili, "wi-ne", na maana yake ni rafiki au mlinzi mpendwa. Bwana anayewagawia wapiganaji wake zawadi aliitwa "goldwine", rafiki wa dhahabu. Katika shairi la The Wanderer, lililomo katika kitabu hicho hicho cha Exeter, mpiganaji aliyefiwa na bwana wake anaota kwamba amemkumbatia, amembusu, ameweka mikono na kichwa magotini pake. Anapoamka anaona mawimbi na ndege wa baharini. Uchungu huo ni wa mapenzi, ila ni mapenzi ya utii na fadhila. Neno lenyewe limekufa zamani, isipokuwa katika majina ya watu: Edwin ni rafiki wa utajiri, Baldwin rafiki shujaa, na Darwin linatokana na Deorwine, rafiki kipenzi. Akina Edwin tulionao mabwenini wanatembea na neno la mapenzi la miaka elfu moja na hawana habari.

Sasa niingie kwenye neno ambalo limenivutia kuliko yote, yaani "leman". Leo hakuna anayelisema. Lilitokana na "leof" na "mann", kipenzi pamoja na mtu. "Mann" wakati huo alikuwa mtu wa jinsia yoyote. Kwa hiyo tafsiri yake ya awali ni mtu kipenzi, na halikuwa na doa. Katika karne ya 13 mtawa mmoja Mfransisko, Thomas wa Hales, aliombwa na msichana aliyejiweka wakfu kwa Mungu amtungie wimbo wa mapenzi, naye akautunga ili kumfundisha msichana huyo kumchagua "lefmon" wa kweli. Huyo wa kweli ni Kristo. Kwa hiyo neno hili liliweza kusimama kanisani kabisa.

Miaka mia moja baadaye mambo yamebadilika. Katika hadithi ya Msaga Nafaka ya Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anayemwita Alison kwa neno hili ni Nicholas, mwanafunzi wa Oxford anayepanga nyumbani kwa seremala na kumtamani mke wa mwenye nyumba. Anayelirudia chini ya dirisha usiku ni Absolon, karani wa parokia aliyetafuna viungo ili anukie vizuri. Yaani neno limeshuka kutoka madhabahuni hadi dirishani kwa seremala. Chaucer analiweka vinywani mwao makusudi, kama mwandishi wa leo anavyoweza kumpa mhusika wa mjini maneno ya nyimbo za dansi zilizopitwa na wakati ili tumjue ni mtu wa namna gani.

Lakini pale Chaucer anapotoboa kabisa ni katika hadithi ya Manciple, mnunuzi wa vyakula vya chuo cha mawakili. Anasimulia kwamba mke wa Phoebus, mumewe alipotoka, alimwita "lemman" wake. Akishasema hivyo anajikatiza na kuomba radhi kwamba neno hilo ni la watu wasio na adabu. Kisha, badala ya kulifuta, analitetea. Anasema hakuna tofauti kati ya mke wa cheo anayetoka nje ya ndoa na msichana fukara afanyaye hivyo, ila tu kwamba wa cheo ataitwa bibi mpenzi wa mtu fulani na fukara ataitwa kahaba au "lemman". Anaongeza mfano: mtawala dhalimu mwenye jeshi kubwa la kuua na kuchoma nyumba huitwa jemadari, na mwizi mwenye kundi dogo huitwa mwizi.

Ndugu wasomaji, hayo yaliandikwa karne ya 14! Tunapofundishwa kwamba lugha hubeba matabaka tunaelekezwa kwenye nadharia za karne ya 20, na hapa mnunuzi wa vyakula amekwisha lisema. Na tusijifanye kwamba ni ya Waingereza peke yao. Katika mazungumzo yetu ya kila siku bwana mkubwa ana "nyumba ndogo" au ana "rafiki", wakati dereva wake ana "hawara". Kitendo ni kimoja, na jina linalipwa kulingana na mshahara.

Njia hiyo hiyo ilipitwa na "paramour". Lilianza kama maneno mawili ya Kifaransa yenye maana ya "kwa mapenzi", yakaelezea namna ya kupenda, baadaye yakaungana na kuwa jina la anayependwa. Katika Kiingereza cha Kati wanawake waliweza kumwita Kristo kwa neno hilo, na wanaume kumwita hivyo Bikira Maria. Leo ni mpenzi wa haramu tu, tena katika magazeti ya udaku. "Darling" lilikuwa na bahati zaidi. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "deorling", kipenzi kidogo, na Ælfric, mtawa aliyeandika mahubiri mwishoni mwa karne ya 10, anamwita Yohana mwinjili kipenzi wa Kristo kwa neno hilo hilo. "Sweetheart" sina la kusema, limekaa vizuri tangu karne ya 13 na halijamsumbua mtu.

Maneno mengine yalisafiri kinyume, kutoka tusi hadi mapenzi. Leo ukisema wewe ni "fond" wa mtu, umesema unampenda kwa upole. Katika karne ya 14 ungekuwa umejiita mpumbavu, kwa sababu "fon" alikuwa mjinga, na "fond" ni aliyepumbaa. Shakespeare bado anaijua maana hiyo. King Lear anapozinduka mbele ya binti yake Cordelia na kujieleza kuwa mzee "fond", hajisifu kwamba ana mapenzi. Anakiri kwamba akili zimemtoka. Msomaji wa leo akisikia mapenzi tu katika neno hilo, atalainisha ungamo la kutisha likawa maneno matamu ya babu. Walakini nadhani maana mpya nayo ilikwisha anza kuchungulia wakati huo, na ndiyo sababu neno lile linauma: mzee huyu alikuwa mpumbavu hasa katika jambo la kupenda, alipotaka mabinti wapime mapenzi yao kwa maneno. "Dote" nalo lina historia kama hiyo. Lilikuwa ni kupotewa na akili, hasa kwa uzee, kisha likawa kupenda kupita kiasi.

Kwa nini upumbavu ugeuke mapenzi? Mwanaisimu atatuambia kuhusu kusogea kwa maana hatua kwa hatua: mjinga, kisha mjinga kwa ajili ya mtu, kisha mwenye kumpenda mno, kisha mwenye kumpenda. Sawa. Lakini bibi zetu walikwisha sema kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Methali hiyo ina ndani yake historia nzima ya "fond".

Mfano ambao haukuwa mchezo hata kidogo ni ule wa "love" na "charity". William Tyndale alipochapisha Agano Jipya la Kiingereza huko Worms mwaka 1526, katika sura ya 13 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho alitumia "love" mahali ambapo desturi ya kanisa ilikuwa "charity", kutokana na "caritas" ya Kilatini. Thomas More akamshambulia mwaka 1529. Hoja yake si ya kipuuzi. Alisema "love" ni neno la jumla mno, linachukua upendo mwema na mbaya pamoja, wakati "charity" ni upendo mtakatifu peke yake. Tyndale akamjibu mwaka 1531 kwamba "charity" katika Kiingereza cha watu ina maana nyingine, sadaka na huruma, na kwamba neno la Kigiriki ni pana. Nyuma ya ubishi huo lilikuwapo swali la nani mwenye mamlaka ya kumwambia mkulima Biblia inasema nini. More alikatwa kichwa mwaka 1535 na Tyndale alinyongwa na kuchomwa mwaka 1536, kila mmoja kwa makosa yake mbele ya watawala na wala si kwa neno hili moja; lakini neno hili lilikuwa katika faili. Tafsiri ya mfalme James ya mwaka 1611, ambayo kwingi ilimfuata Tyndale, hapa ilirudi kwenye "charity". Ilipofika mwaka 1881, Agano Jipya lililosahihishwa likamrudishia Tyndale neno lake. Kwetu, wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 waliandika "upendo", na hawakuandika "mapenzi". Kiswahili kina mlango wa kutenganisha vitu hivyo kutoka mzizi mmoja wa "penda". Kama More angekijua Kiswahili, ubishi wake nusu ungekwisha.

Nitaje kwa haraka tu "make love", kwa ajili ya wenzangu wa mwaka wa kwanza. Katika riwaya ya Emma ya Jane Austen, iliyotoka Desemba 1815, kasisi Elton anamfanyia Emma jambo hilo, tena kwa nguvu, ndani ya gari la farasi. Tafadhalini msiandike katika mtihani mnayoyawaza. Maana yake hadi karne ya 19 ilikuwa kumtongoza mtu kwa maneno. Elton alikuwa amelewa kidogo na anachumbia.

Baada ya kusema yote haya inabidi niwaonye pia wale wanaochukua maelezo ya namna hii na kuyageuza fagio. Wapo wahakiki ambao kila wakiona "lover" katika Shakespeare wanasema maana yake ni rafiki, yamekwisha. Hayajaisha. Soneti zake 154 zilichapishwa mwaka 1609, na wasomaji wengi wanakubaliana kwamba 126 za kwanza zinamhusu kijana wa kiume. Humo "love" na "lover" yanarudi tena na tena, na usiku wa kukosa usingizi, na wivu, na kusameheana. Mwaka 1640 mchapishaji John Benson alizitoa upya soneti nyingi kati ya hizo, akazipa vichwa vyake mwenyewe, na katika mahali pachache akabadilisha maneno ya kiume yakaonekana ya kike au yasiyo na jinsia. Benson aliishi karibu na Shakespeare kuliko sisi, alikijua Kiingereza hicho tangu utotoni, na bado hakutosheka kwamba kila msomaji angesikia "rafiki" tu. Kwake maana zote mbili zilikuwa hai bado, ndiyo maana akaona haja ya kushika kalamu.